Askari Anayesema Basi

Kabla ya yote mjue kwamba mimi ni mtu safi. Sijisifu, waulizeni wenzangu wa kambi ya magereza hapa Jinja. Kila Jumamosi saa mbili asubuhi mkubwa wa kambi hupita nyumba kwa nyumba akikagua, anachungulia mpaka nyuma ya mlango, na kwa miaka mitatu mfululizo nyumba ya Sajenti Margret ndiyo iliyotangazwa ya kwanza. Mimi natoka Lira. Mume wangu Mafabi ni mtu wa Mbale, ni polisi, na kazi imemtupa Moroto. Yeye hajui lugha ya kwetu, na mimi ya kwao naijua ya salamu tu, kwa hiyo nyumbani tunaongea Kiswahili, lugha tuliyofundishwa nayo kupiga kwata.

Siri ya ushindi wangu ilikuwa klorini. Ilipokuja korona, kisha ebola, sisi wa magereza tulifundishwa kuichanganya: unga vijiko viwili kwa ndoo moja, koroga, piga deki. Magonjwa yalipopita wenzangu wakarudi kwenye sabuni. Mimi sikurudi. Asubuhi sakafu, jioni sakafu, kuta mpaka usawa wa kiuno, vitasa vya milango, miguu ya kitanda. Majirani walinicheka kwamba hata mende wa kwangu wanavua viatu mlangoni. Wacha wacheke, nilisema, wao watoto wao wanapumua.

Maana mtoto wangu Ritah, mwenye miaka saba, ana pumu. Kama hamjawahi kumwona mtoto aliyebanwa, nawaombeeni msimwone. Mabega yanapanda, shimo la shingoni linaingia ndani, na mtoto ambaye kutwa hanyamazi anaanza kuongea neno moja moja. Muhula uliopita nilimkimbiza hospitali kwa boda mara tatu. Mara ya tatu midomo yake ilikuwa imegeuka rangi. Mimi niliyefanya kazi gerezani miaka kumi na minne, niliyeona mengi, nililia kwa sauti juu ya boda ile tangu mtaa wa Walukuba mpaka geti la hospitali, na sikujali nani ananitazama.

Kila tuliporudi kutoka hospitali nilisugua zaidi. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: mwili wa mwanangu ni dhaifu, vumbi ni adui, basi adui asiingie. Mdogo wake, Gaster, mwenye miezi minane, nilimlea juu ya shuka nyeupe. Hakuwahi kukanyaga udongo. Mgeni hakumbeba mpaka anawe mpaka viwiko. Nilikuwa nimeapa kwamba huyu wa pili hatabanwa kifua, na niliamini kiapo changu kinatoka kwenye ndoo.

Likizo ya Agosti nilipangiwa zamu ndefu, na Mafabi akaamua kwa simu kwamba Ritah aende kwa mama yake Mbale, wiki tatu. Tuligombana. Nyumba ya mama mkwe iko chini ya mlima wa Wanale, upande ambao mtu hawezi kutupa jiwe asipige ng'ombe au mbuzi wa mtu. Nilishindwa kwa sababu sikuwa na mtu mwingine wa kumwachia; jirani alikubali kumshika Gaster tu. Nikamfungia Ritah inhela zake mbili za kuvuta dawa, ya bluu ya kubanwa na ya kahawia ya kila siku, ingawa ile ya kahawia, nikiri tu, nilikuwa nampa siku alizokohoa. Nikaandika na karatasi ya maagizo: asikae karibu na ng'ombe, asikae karibu na mbuzi, kuku wasiingie anapolala, afagie mtu mwingine.

Mama mkwe wangu watoto humwita Kukhu, yaani bibi, na siku hizi mji mzima humwita hivyo. Ni mwanamke mfupi, asiye na maneno mengi. Nilimpigia simu kila jioni.

"Ritah amebanwa?"

"Lita iko mzima," angesema, maana kwake herufi ya r na l ni ndugu.

"Umempa ile ya bluu?"

"Ya nini? Mtoto nacheka."

Wiki ya kwanza ikapita hivyo, na ya pili, na ya tatu. Siku ishirini na moja bila inhela ya bluu. Mama yeyote mwenye akili angepiga magoti ashukuru. Mimi niliumia. Naona aibu kusema, lakini ndivyo ilivyokuwa: nilijiuliza ana nini yule mwanamke na zizi lake ambacho mimi sina, nikaamua kwamba ananidanganya.

Nikachukua ruhusa ya siku mbili, nikamfunga Gaster mgongoni, nikatia kopo la klorini ndani ya begi, nikaenda Mbale.

Nilifika saa saba mchana. Ritah alikuwa ndani ya zizi. Si karibu na zizi, ndani, miguu imezama kwenye samadi, anamlisha ng'ombe maganda ya ndizi na kumhadithia jambo refu lisilo na nukta. Ng'ombe yule Kukhu alikuwa amempa jina la Sajenti. Aliniambia zamani kwamba ni kwa heshima yangu, na mpaka leo sijajua kama alikuwa anatania.

"Mama, hii mtoto iko na kifua," nilimwambia Kukhu hata kabla ya salamu. "Nilisema hapana weka yeye kwa ng'ombe."

"Kifua iko sawa," akajibu. Akanyoosha mikono ampokee Gaster.

"Nawa kwanza."

Akanawa.

"Na sabuni, mama."

Akanawa tena, na sabuni, polepole, huku akinitazama. Kisha akafuta mikono kwenye gauni, akachukua mundu akaenda kukata majani ya ng'ombe, bila kumbeba mtoto. Nililiona hilo na nikalipita.

Nikaingia chumba alicholala Ritah. Sakafu ya saruji yenye nyufa, mkeka, vumbi kwenye dirisha, unyoya wa kuku juu ya mto. Nikasema, sasa nimemkamata Kukhu. Nikamweka Gaster barazani juu ya shuka yake, nikavua viatu, nikaanza kazi. Kwa kuwa ilikuwa nyumba ya ng'ombe sikutia vijiko viwili, nilitia vitano. Nilipiga deki mara mbili, nikafuta kuta na kitanda, halafu nikafunga dirisha ili vumbi lisirudi. Nikamwita Ritah, nikamsugua bombani mpaka akalalamika, nikamvika gauni la kanisani, nikamkalisha juu ya kitanda.

"Kaa hapa palipo safi," nilimwambia. "Usitoke."

Akanitazama kidogo, akakaa. Ritah ni mtoto mtiifu.

Nilikuwa barazani namnyonyesha Gaster nilipomsikia anakohoa. Kikohozi kimoja kikavu, kisha kingine, kisha msururu. Niliingia nikakuta mabega yameshapanda. Nikachukua inhela ya bluu na ile chupa ya soda tuliyoitoboa chini ili dawa isipotelee hewani, nikampulizia mara mbili, mara nne, mara sita. Shimo la shingoni liliendelea kuingia na kutoka.

"Mama," akasema, na baada ya pumzi mbili, "nje."

Sikumwelewa. Nje kuna vumbi. Nilikuwa bado nimemshikilia pale kitandani Kukhu alipoingia na majani kichwani. Alisimama mlangoni, akavuta hewa, akakohoa yeye mwenyewe, macho yakamtoka machozi. Akatupa majani chini, akanipokonya mtoto, akatoka naye mbio mpaka uwanjani.

"Ng'ombe yangu ilikaa na yeye wiki tatu," alisema, akimwegemeza Ritah kifuani pake. "Wewe nakaa na yeye saa moja tu."

Hayo ndiyo maneno marefu kuliko yote aliyowahi kuniambia. Tukapanda boda mbili, yeye na Ritah mbele, mimi na Gaster nyuma, mpaka kliniki ya kifua mjini.

Tabibu aliyetupokea aliitwa Siraj, kijana wa Kiislamu, baba yake ana duka la vitambaa pale Mbale, na Kiswahili chake kilinyooka kuliko changu. Hakuuliza maswali mpaka alipomvika Ritah barakoa ya mashine ya mvuke na kumsikiliza mgongo. Baada ya nusu saa mabega yakashuka. Baada ya saa moja Ritah aliomba soda, nikajua amerudi.

"Alikuwa wapi kabla hajabanwa?" Siraj akauliza.

"Kwa ng'ombe," nikasema haraka.

Kukhu, aliyekaa kwenye benchi, alikohoa kidogo. "Mwambie yote," akasema.

Nikamwambia. Vijiko vitano, dirisha nimefunga. Nilimwambia pia habari za kambi yetu ya magereza Jinja, asubuhi na jioni, miaka mitatu. Kadiri nilivyosema ndivyo sauti yangu ilivyopungua, maana mtu akisimulia jambo lake mwenyewe mbele ya watu hulisikia kwa mara ya kwanza.

Siraj hakunikaripia. Aliniuliza, "Afande, gerezani kelele zikitokea wodini wanakolala wafungwa, unampeleka nani?"

"Inategemea. Makuruti siwapeleki. Hao wakiona mfungwa kaangusha sahani watapiga wodi nzima, wavunje na milango. Nampeleka Koplo Gidudu. Yeye anaingia, anaangalia, anasema basi, na watu wanakaa chini."

"Koplo Gidudu hapigani?"

"Kazi yake ni kuzuia wanaopigana. Hasa askari wetu wenyewe."

"Vizuri. Damuni mwetu kuna askari wa kupigana na magonjwa, hao unawajua. Lakini kuna na akina Koplo Gidudu. Vitabuni tunaziita seli dhibiti. Vumbi likiingia, au chavua ya maua, zinaangalia na kusema huyu si adui, tulieni. Mwenye pumu, seli hizo mara nyingi ni chache, au hazisikilizwi. Makuruti wanapiga vumbi lisilo na kosa, na kinachovimba ni mirija ya hewa yake mwenyewe."

Nikamgeukia Ritah. "Kwa hiyo mwili wa Ritah si dhaifu."

"Hata kidogo. Ni mkali mno, na wa kuutuliza hawatoshi."

Miaka yote ile nilikuwa namwona mwanangu kama ngome iliyobomoka ukuta, nami nasimama mlangoni na ndoo. Kumbe vurugu ilikuwa ndani, ya askari wake mwenyewe.

"Na klorini?" nikauliza, ingawa nilishajua jibu linakoelekea.

"Mvuke wake unachoma. Unakwaruza ngozi ya ndani ya mirija, na ngozi ile ikiumia inapiga king'ora. Makuruti wote wanatoka mbio. Sisemi ndiyo iliyoleta pumu, hilo hatulijui. Lakini ulikuwa unawapigia king'ora asubuhi na jioni."

Nilitamani sakafu ya kliniki ipasuke niingie. Gaster alikuwa amelala mapajani mwangu, na nilimtazama yeye kwa sababu sikuweza kumtazama mtu mwingine.

"Hao akina koplo wanapatikana wapi?" nikasema.

"Tunazaliwa nao kiasi. Wengine wanafunzwa utotoni, hata tumboni mwa mama. Mtoto anakutana na udongo, na vumbi la zizi, na vijidudu visivyo na madhara, na seli zake zinajifunza nani wa kuachwa apite. Watafiti wamepima watoto waliokulia karibu na ng'ombe, wakawakuta na seli hizo kwa wingi zaidi, na pumu kidogo."

Kukhu alinyoosha mgongo. Akatengeneza kitambaa chake cha kichwa, mtu angedhani ameitwa mbele kupewa cheti.

"Lakini, Kukhu," Siraj akamgeukia, "ng'ombe si dawa. Wapo waliokulia zizini na bado wanabanwa. Ritah tayari anaumwa. Kinachowatuliza makuruti wake sasa ni hii ya kahawia, kila siku, akohoe asikohoe. Ulimpa?"

"Kila asubuhi na jioni. Kalatasi nasema hivyo. Lita alinisomea."

Hapo nikageuza uso. Ile karatasi ya kwenye boksi la dawa, ambayo mimi nilikuwa nayo nyumbani mwaka mzima, mwanamke asiyejua kusoma alisomewa akaifuata.

"Umefanya kazi nzuri," Siraj alimwambia. "Sasa na moshi wa jikoni kwako. Huo ni mbaya sawa na klorini ya afande. Watoto wasikae ndani unapopika."

Kukhu akatengeneza kitambaa mara ya pili, safari hii bila furaha. Siraj alimtazama Gaster. "Na huyu ana miezi mingapi?"

"Minane."

"Ameshagusa udongo?"

"Hapana, hajawahi," nilisema, na ile fahari niliyozoea kulisemea neno hilo iliniishia mdomoni.

"Masomo yake ndiyo yanaendelea sasa hivi, afande. Siwezi kukuahidi kitu. Lakini mwache aende shule."

Tulirudi jua likiwa bado juu ya ule ukuta wa mawe wa Wanale. Kwanza nilifungua dirisha la kile chumba na kumwaga maji matupu sakafuni mara tatu, nikatoa godoro nje. Kukhu alienda kukamua. Alipotoka zizini mikono ilikuwa na maziwa na manyoya ya ng'ombe, na mimi nilikuwa nimesimama pale na Gaster. Alinipita kwenda bombani kunawa.

"Wacha, mama," nikasema. "Shika yeye tu."

Alisimama. Alinitazama mimi, akatazama mikono yake, akanitazama tena. Nadhani alikuwa anatafuta mtego uko wapi. Kisha akampokea. Akamnusa shingoni, akamwambia maneno ya Kimasaba, lugha ya kwao, ambayo sikuyajua na sikuhitaji kuyajua, akamkalisha chini kwenye nyasi. Gaster alishika udongo kwa mara ya kwanza maishani. Aliukamua, akauangalia ukitoka katikati ya vidole, akapeleka kinywani. Mikono yangu niliifunga nyuma, miguu nikaipanua, nikakaa katika pumzika ya paredi, maana bila hivyo ningeruka nimnyakue.

"Hapana kufa," Kukhu alisema bila kugeuka.

"Najua."

"Baba yake alikula hiyo hiyo moja. Sasa ni polisi."

Tukacheka wote wawili. Nilikuwa sijawahi kucheka na yule mwanamke.

Ritah alikuwa amekaa kwenye ngazi ya baraza, amejifunika shuka, amechoka lakini anapumua pumzi ndefu. Nikaenda nikakaa karibu naye. Kwetu kambini mkubwa haombi radhi kwa mdogo. Akikosea anabadilisha amri, na kila mtu anaelewa. Nilifikiri kufanya hivyo. Halafu nikakumbuka alivyoniambia "nje" nami nikamshikilia, na moyo ukanikataza.

"Ritah, ni mimi."

"Nini mama?"

"Kifua chako. Ile dawa ya sakafu. Ni mimi nilikuwa nakubana. Nisamehe."

Alichezea pindo la shuka. "Mimi nilijua," akasema.

"Ulijua toka lini?"

"Toka P.1. Ile harufu ikija, kifua inafunga."

Nikahesabu kimoyomoyo. Darasa la kwanza, la pili, zile boda tatu za muhula uliopita. "Sasa kwa nini hukuniambia?"

Alifikiri, kwa sababu Ritah akiulizwa swali hufikiri kwanza. "Wewe ukipiga deki unaimba," akasema. "Siku zingine hauimbi."

Nililia. Sitalipamba hilo. Nililia nimemkumbatia na shuka yake, na yeye akanipiga-piga mgongoni jinsi anavyombembeleza Gaster. Mtoto wa miaka saba alikuwa ameamua kwamba pumzi yake ni kitu cha kutolewa ili mama yake aimbe, na mimi nilikuwa naimba.

Nilipoweza kuongea nilimshika uso kwa mikono miwili. "Sikia. Kuanzia leo, kitu chochote kikibana kifua, unasema. Hata kama ni mimi nakifanya. Hata kama naimba. Hata kama mkubwa wa kambi amesimama mlangoni. Hiyo ni amri. Umeelewa?"

"Ndiyo afande."

"Rudia."

"Kitu ikibana, nasema."

"Vizuri."

Tukakaa. Kule chini Gaster alikuwa amegundua kwamba nyasi zinang'oka. Ritah aliegemeza kichwa kwenye bega langu, akakitoa, akakunja pua. Nilimwona akitaka kusema, akaacha, kisha akajikaza.

"Mama."

"Nini?"

"Hiyo marashi yako pia."

Nikasimama pale pale, nikaenda bombani kunawa.